Moteri Yangu na Fundi wa Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 2 Machi 1953
Moteri ilikohoa mara tatu, ikakufa mbele ya bamama kumi na wawili wenye mabeseni ya mahindi. Bakanitukana mpaka babu yangu. Mama Ngalula, mwenye kinu, akasema amechoka: ikisimama tena kabla ya Jumamosi kwisha, ataiuza kama chuma, anunue ingine ya umeme. Na hiyo mpya inakuja na mekanisia wake! Mimi Anaclet niende wapi? Miaka tisa naiponya kwa waya, sabuni na ngozi ya kiatu. Bantu banasema najua ugonjwa wake. Sijui. Lakini banajua kwamba sijui?

Jumanne, 3 Machi
Moteri imewaka mara ya kwanza tu. Haijafanya hivyo tangu niijue. Nikaogopa. Nikachungulia: mukaba wa moteri umeshonwa upya, mishono imenyooka. Yangu hainyooki. Na kwenye manyeto, pale moto unapozaliwa, waya wangu hauko. Kuna skrubu! Muntu ameingia nilipokwenda kula bukari.
Nani? Clément, fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara. Leo alinisalimia kwa upole, akauliza hali ya muguu wa Laurentine, bibi yangu wa ndoa. Muguu wa bibi yangu unamuhusu nini? Tena iko muntu wa Kasai, kama Mama Ngalula. Bon. Nimeelewa yote. Anaiponya ili siku moja aseme: ni mimi.

Jumatano, 4 Machi
Mutego! Kabla ya kwenda kula, nikamwaga unga chini kuzunguka moteri, nione nyayo za adui. Akili nyingi! Niliporudi nikakumbuka kwamba hapa ni kinuni. Unga kila mahali. Nyayo za bamama, za kuku, zangu mwenyewe. Nikaenda kupima kiatu cha Clément kwa kamba alipoinama. Akaniuliza kama nataka kukinunua.

Alhamisi, 5 Machi
Muchana nilijificha nyuma ya magunia, na njaa yangu. Kitasa cha mulango kikafunguka. Clément! Na nyuma yake Laurentine, bibi yangu, na ufunguo wetu wa pili mukononi! Nusura nipige kelele. Kisha nikasikia. Laurentine akamushukuru, akasema nikipoteza kinu nitakufa kwa haya. Clément akajibu kwamba hataki kitu, ila Laurentine asiniambie, nisione aibu. Akaonya pia kwamba skrubu ile isitolewe, ndiyo inashika moto.
Nililia, nasema kweli. Halafu nikafuta macho, nikafikiri. Muntu afanye kazi ya bure? Tangu lini?

Ijumaa, 6 Machi
Nimeitoa skrubu. Iko mufukoni mwangu. Nimerudisha waya. Moteri yangu, dawa yangu!

Jumamosi, 7 Machi
Mama Ngalula alikuja na mununuzi wa chuma, na mizani yake. Moteri ikazunguka, ikapiga chafya, ikanyamaza. Mununuzi akakunja mikono ya shati. Clément akavuka barabara mbio, akafungua, akaona waya, akanitazama. Nikatoa skrubu mufukoni, ndani ya kitambaa. Akamwambia Mama Ngalula, bila kupepesa macho, kwamba Anaclet aliitoa kuisafisha, kazi ya fundi wa kweli. Akairudisha, ikawaka! Mama Ngalula akamurudisha mununuzi, akasema ataivumilia moteri hadi Pasaka. Laurentine alinitazama tu, mpaka nikageuka kuangalia kuku.

Jumapili, 8 Machi
Baada ya misa Clément akanialika kwake kila muchana, anifundishe manyeto, bure, bila muntu kujua. Ah bon! Anataka kuhakikisha kwamba sijui. Na jana kwa nini alidanganya kwa ajili yangu? Muntu anayedanganya vizuri hivyo iko wa hatari.
Nikamufuata Mama Ngalula palepale nje ya kanisa. Nikamwambia Clément anaizungukazunguka moteri, na skrubu za kinu zimeanza kupotea. Akashangaa sana, lakini akakubali: Clément hatakanyaga tena kinuni. Nimeshinda! Laurentine amesikia, hakupika. Nimekula karanga.
Jioni nimeiwasha moteri kuijaribu. Kesho kuna mabeseni arobaini ya harusi. Inalia upande wa kushoto, sauti mpya, kama mbuzi anayefungwa kamba. Si kitu. Nimeazima nyundo kubwa.