Sababu ya Kubweka

Jumatatu, 2 Machi

Bwana afya kanifuata dukani, mbele ya wateja, nikitoa kopi za cheti cha ndoa cha mtu. Jirani yangu, muuguzi wa zamu za usiku, amelalamika manispaa: mbwa wetu anabweka mchana kutwa, hapati usingizi. Nikaeleza kwamba mbwa si wangu. Ni wa mama mkwe, amesafiri, katuachia hadi Jumapili. Akasema sheria haimjui mama mkwe. Bahati yake sheria! Bwana afya atarudi Ijumaa. Akimkuta mbwa anabweka, anamchukua.

Mke wangu amesema mbwa akichukuliwa, mimi ndiye nitakayekwenda kumpokea mama yake stendi. Peke yangu.

Jumanne, 3 Machi

Nimesoma sheria ndogo za manispaa, zote, kwa kopi niliyojitolea bure. Kuna kifungu cha dhahabu. Ni kosa mbwa kubweka mfululizo bila sababu. Bila sababu! Basi akiwa nayo, si kosa. Kinachotakiwa ni sababu tu.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, hana kazi, na sura inafaa. Nimempa kofia na koti langu zito. Mbwa akianza, yeye apite nje ya ua akichungulia. Ameuliza kama kuna chakula. Kipo.

Mke wangu anadai mbwa analia upweke, nimfungue aingie ndani. Ndani kuna zulia jipya. Nimekataa.

Jumatano, 4 Machi

Mpango umeanza. Kuna hitilafu moja. Mbwa anampenda shemeji. Akimwona ananyamaza, anatikisa mkia. Shemeji akiondoka, kelele zinaanza upya. Yaani sababu ikifika, kubweka kunakwisha! Nimemwonya shemeji aache kupendeza. Akauliza afanyeje sasa, amng'ate? Nimempa fimbo ya kumtikisia.

Jioni: mbwa ametafuna fimbo. Nimetafuta nyingine.

Alhamisi, 5 Machi

Shemeji kakamatwa. Muuguzi aliamka kwa kelele, akachungulia dirishani, akaona mtu wa koti zito jua kali, fimbo mkononi, ananyemelea ua wetu. Akapiga yowe la mwizi. Nilipofika kutoka dukani, fundi viatu wa pale kona alikuwa amemkalia shemeji mgongoni, na shemeji analia kwamba yeye si mwizi, yeye ni sababu. Hakuna aliyemwelewa.

Nikawasomea kifungu. Muuguzi alinitazama kwa macho mekundu. Akauliza: yaani jirani, umeajiri mwizi ili mbwa awe na kazi? Nikamjibu kwamba kisheria, ndiyo. Fundi viatu alicheka hadi akaporomoka kutoka mgongoni mwa shemeji. Mke wangu hakucheka. Alimshika muuguzi mkono, wakaenda pembeni wakanong'ona. Sipendi wanawake wakinong'ona.

Ijumaa, 6 Machi

Bwana afya amekuja asubuhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Uani, kamba tupu. Mbwa hayupo! Nikazunguka nyumba mbio. Mke wangu akasema niache kuhema, yuko kwa jirani. Ndivyo walivyopatana: muuguzi akitoka zamu, anamchukua.

Tukabisha hodi. Muuguzi akafungua akipiga miayo. Mbwa nyuma yake, naye anapiga miayo. Kimya kabisa! Kumbe akiwa na mtu halii. Muuguzi akasema malalamiko ameyafuta, na kwamba kwa sasa anayemnyima usingizi ni bwana afya. Bwana afya akaomba radhi, akaondoka akinyata. Hotuba yangu hakuitaka.

Jumapili, 8 Machi

Mama mkwe amefika. Mbwa kamrukia, hakubweka hata mara moja. Mama mkwe akasema kwake mbwa anashinda ndani, kwani mkwe wake hakuambiwa? Mke wangu akasema aliambiwa. Wote wakanitazama. Nikatazama zulia.

Baadaye nimetafakari kwa utulivu. Jumanne nimegundua kifungu, Ijumaa kesi imefutwa. Matokeo yanajieleza yenyewe. Mji huu una mbwa wangapi wenye malalamiko, na mtaalamu hakuna! Kibao nimeshachapa, kesho kinabandikwa mlangoni mwa duka: USHAURI WA SHERIA ZA MBWA. SABABU ZINAPATIKANA.

Shemeji bado anatembea ameinama, anashika kiuno. Safi sana. Akiinama hivyo anatia shaka zaidi.