Pijo la Baba Mdogo na Land Rover la Baba

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Tup. Hivyo tu. Ndivyo mlango wa Pijo 504 la Baba mdogo Lesian ulivyofungwa siku alipompeleka Baba hospitali. Taratibu, kama mtu anayefumba kitabu. Baba hakurudi. Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo, bado nausikia. Land Rover lake lingefungwa kwa kishindo, mara mbili, mtaa mzima wa Lemara ukajua.

Leo Mama katamka: anajenga banda la kuku. Uani libaki gari moja, la pili apewe Tajeu, mkata vyuma chakavu. Nina shahada ya takwimu. Nikapendekeza mashindano: mwendo, usukani, kupanda mlima. Mama mwamuzi. Baba mdogo, ambaye tunaishi naye, kakubali huku akitafuna. Land Rover litashinda. Lazima!

Jumatano, 9 Aprili
Lami hadi Usa River. Ndani ya Land Rover Mama alisali njia nzima, kwa sauti. Usukani unazunguka robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Nikamweleza hiyo ni tabia, si ubovu. Kurudi akapanda Pijo. Akasinzia! Pijo likapata kumi kwa kumi. Nikapinga, usingizi haumo kwenye jedwali langu. Akasema basi niuandike.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua kutwa. Kesho ni mlima wa Ng'iresi, tope tupu. Kwa uhakika zaidi nimeficha magunia mawili ya viazi kwenye buti la Pijo. Litaelemewa. Niliona aibu kidogo. Imepita.

Ijumaa, 11 Aprili
Pijo lilipanda kama mbuzi. Mimi nilikwama chini, nimevuta gia ya fo-wili, wapi! Baba mdogo akashuka kwa miguu, kayakuta magunia, anacheka hadi anakohoa. Akaniambia: Naisula, mama yangu, nani kakufundisha? Pijo bila mzigo nyuma huteleza, sisi tulikuwa tunapakia mawe! Kisha akauliza kama nimefunga loki za magurudumu ya mbele. Loki gani? Hufungwa kwa mkono, dereva anashuka, la sivyo fo-wili haishiki. Baba alikuwa akishuka kila penye tope. Miaka yote nilidhani anakwenda kukojoa.

Halafu akaacha kucheka. Akasema siku ile ya hospitali Baba mwenyewe ndiye aliyechagua Pijo. Mgongo ulimuuma. Alisema Land Rover litammaliza njiani.

Nililia juu ya usukani. Honi ikalia nayo.

Jumamosi, 12 Aprili
Mama kaamua: Pijo linabaki. Tajeu anakuja Jumatatu.

Nimeyapima makosa yangu kwa unyofu. Nimepata moja tu: vipimo vilikuwa vichache. Kwa hiyo, Mama alipokwenda sokoni, nimefungua magurudumu yote manne ya Land Rover na kuyasukuma uvunguni mwa kitanda changu. Sasa walichukue! Jirani yetu Anaeli kanichungulia ukutani, akauliza kama nimeajiriwa na Tajeu, maana naye huanza na magurudumu. Wivu.

Nimefunga chumba, ufunguo nimeutupa chooni. Naandika haya ndani ya Land Rover, lililo juu ya matofali. Nimeshahamia. Mto wa kulalia tu ndio umebaki kule chumbani.