Vita vya Vikombe vya Chokoleti

Enyi mliowahi kuungua vidole jikoni, enyi mliosemwa na wakwe mkameza mate, jongeeni mtege masikio, maana leo inasimuliwa habari ya Simba wa Sufuria, Amiri wa Aproni, aliyeinua kisu dhidi ya kipande cha chokoleti. Mwandishi wa tarihi hii alikuwa karibu mno na shujaa. Kwa kweli walivaa viatu vilevile, kwa kuwa hakupatikana mtu mwingine wa kumsifu.

Chanzo cha vita kilikuwa ulimi. Mama mkwe wake, malkia asiyeomba radhi hata akikukanyaga, alitamka mezani mbele ya ukoo mzima, "Huyu baba hata maji huyaunguza." Shujaa akala kiapo kimoyomoyo kwamba Jumapili atamwandalia kitindamlo ndani ya vikombe vya chokoleti, atakavyovitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Heshima yake yote ikawekwa rehani hapo.

Hata Jumapili ilipowadia, akateleka sufuria ya maji, akaweka juu yake bakuli la chokoleti, akasimama mwiko mkononi, akanena: "Ewe maji, chemka kwa adabu. Ewe chokoleti, lainika jinsi moyo wa mama mkwe usivyolainika. Leo ama zangu ama zenu."

"Mvuke unaingia bakulini," akasema mkewe, aliyekuwa akimenya maembe.

"Shujaa hashauriwi katikati ya vita."

"Haya. La mkuu umelisikia."

Maji yakadondokea bakulini. Chokoleti yote ikashikamana kama udongo wa mfinyanzi, na mwiko ukasimama wima wenyewe. Shujaa akaenda dukani tena kwa miguu, aproni bado kiunoni, na watu wakampisha njia.

Safari hii alipangusa bakuli, akapunguza moto, akamsikiliza mkewe. Akatwaa vikombe sita vya karatasi vya kuokea keki, akavipaka chokoleti kwa ndani, akavitia kwenye friji, akavitoa, akavipaka tena, maana ukuta mwembamba ni msiba. Ndipo ikaja saa ya kubandua karatasi. Cha kwanza kikapasuka. Cha pili kikafa kabla hakijaguswa vizuri, na wenzake watatu wakakifuata, wote wakazikwa palepale tumboni mwa amiri jeshi, aliyeomboleza huku akilamba vidole. Cha mwisho akakivua karatasi jasho likimtiririka, nacho kikasimama sahanini. Kilikuwa kimepinda, lakini kilikuwa kikombe.

"Kimoja tu?" akauliza mkewe.

"Mama naye ni mmoja."

Mama mkwe alipofika, akala kwa kijiko, polepole, krimu na maembe yaliyojazwa kikombeni humo, na shujaa mlangoni akivihesabu vijiko. Alipomaliza, alikigeuza kikombe huku na huku, akainuka nacho kwenda jikoni, kwani yeye si mtu wa kuacha vyombo vichafu nyumbani kwa watu. Bomba la maji moto likasikika, kisha likafungwa ghafla.

Alirudi viganja vyote viwili vikiwa vya kahawia.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "nimekuharibia kikombe chako. Nisamehe."

Mkewe akafungua kinywa amweleze kwamba kikombe kile kilikuwa cha kuliwa. Shujaa akamkonyeza, akajinyoosha, akanena kwa huruma ya wafalme: "Usijali, mama. Vyombo ndivyo vilivyo."

Basi iandikwe kwa wino usiofutika kwamba Jumapili ile mama mkwe aliomba radhi, na kwamba mshindi aliachiwa sinki alisugue.