Niache Mpaka Jumapili

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa redioni! Mtangazaji wa kipindi cha muziki kapiga rekodi ya bendi yetu asubuhi, halafu kasema mpiga solo vidole anavyo, machungu hana. Eti bluzi yangu, muziki wa majonzi, ni ya mtu aliyekunywa chai akashiba. Ni kweli nilikuwa nimekunywa chai. Yeye kajuaje?

Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mwenye studio anakuja ukumbini kuchagua mpiga gitaa mmoja wa kurekodi naye albamu. Tumebaki wawili, mimi na Kucha, mpiga gitaa mwenzangu wa bendi. Umri unakwenda. Nikikosa hii, nitazeeka nikiwapigia watu wanaotafuna karanga.

Kucha naye ana bahati ya mtende! Kaachwa na wake wawili. Paa lake linavuja. Wiki iliyopita kalazwa hospitali, na hukohuko kaibiwa viatu. Wengine Mungu huwapa kila kitu.

Mimi je? Mke ananipenda. Mama mkwe ananiita mwanangu. Hata jino haliniumi. Bluzi nitaitoa wapi? Kero yangu ni moja tu: cherehani. Mke wangu ni fundi wa nguo, anashona sebuleni kutwa, na mimi nafanya mazoezi kando yake kwa sababu ndipo penye mwanga. Tka-tka-tka-tka tangu tuoane. Kelele tupu.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: njaa. Nimesusa kula. Mke kadhani naumwa, kapika supu. Nikakataa kishujaa. Kamwita mama yake, naye kaja na supu yake mwenyewe. Nani wa kumkatalia mama mkwe? Nimeinywa ya mama mkwe kwa heshima, na ya mke nisije nikaonekana napendelea. Jioni mkanda wa gitaa ulinibana.

Kucha kaja mazoezini na kikohozi. Kapiga huku akikohoa, mpiga dramu akafuta machozi. Roho imeniuma.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili: hawara. Sina, na wala sitaki, nachoka mapema. Lakini ushahidi unatosha. Nimenunua rangi ya mdomo, nikajipaka mbele ya kioo cha bafuni, nikaibusu kola ya shati langu jeupe, kisha nikaliweka juu kabisa ya kapu la nguo chafu.

Mke kaliona. Kalipeleka dirishani, kaligeuzageuza kama anavyokagua pindo. Halafu kacheka mpaka kashika ukuta! Kasema midomo hiyo anaijua, ule wa juu una kovu langu la utotoni. Kasema pia rangi yenyewe hainifai. Kampigia simu dada yake, nikawasikia wakicheka wote wawili.

Nilisahau kunawa. Mpiga besi alipita kuazima waya, akaongea na mimi akitazama sakafu.

Alhamisi, 7 Machi

Muda unayoyoma. Nimeamua kusema ukweli, maana mke wangu ni mtu mwelewa. Nimemwomba aniache mpaka Jumapili. Nimemweleza vizuri kwamba si ugomvi, ni kazi: aondoke, nisononeke, nipige, arudi. Nikajitolea kubeba mabegi. Nikaongeza kwamba furaha yake ndiyo inayoniponza.

Hakucheka. Kasimamisha cherehani katikati ya mshono. Kauliza kama miaka yote hii alikuwa ananiharibia. Nikamtia moyo, nikamwambia najua hakukusudia.

Kafunga kichwa cha cherehani ndani ya shuka, kakibeba mwenyewe, kaenda kwa dada yake. Mabegi pia kabeba mwenyewe. Mlango kaufunga polepole. Angeubamiza ingenifaa zaidi kwa wimbo, lakini si haba. Nimeachwa! Mambo yameiva!

Ijumaa, 8 Machi

Huzuni imefika, tena ya kiwango cha juu. Nimekaa kwenye kiti chake, pini ikanichoma, nikaiweka mfukoni badala ya kuitupa. Nimemkumbuka sana. Mama mkwe kapiga simu, hakuniita mwanangu, kaniita "wewe bwana". Bluzi safi kabisa!

Nikachukua gitaa haraka, isije ikapoa. Ajabu: vidole havijui pa kwenda. Naanza mapema, namaliza nimechelewa. Nyumba kimya, nasikia mpaka jokofu la jirani. Nimezilaumu nyuzi, nimezibadilisha. Nimekilaumu kiti, nimekibadilisha. Kesho nitakuwa sawa.

Jumamosi, 9 Machi

Kucha kapanda kwanza. Kanyoa ndevu! Kikohozi hana, viatu vipya, na mke wake wa pili karudi, kakaa mbele anampigia makofi. Nikasema moyoni, kwisha habari yake. Kapiga, ukumbi mzima ukasimama. Watu hawajui muziki.

Zamu yangu. Nikafumba macho, nikamfikiria mke wangu, yakanitoka machozi ya kweli. Lakini mpiga dramu huku, mimi kule. Nikikimbia namwacha, nikipunguza ananiacha. Nikamfokea mbele ya watu. Mpiga besi kaninong'oneza kwamba dramu iko sawa, aliyepotea ni mimi.

Mwenye studio kamchukua Kucha. Mtangazaji kaja kunipa mkono, kasema leo machungu ninayo tele, mapigo ndiyo sina. Kauliza nimeyaacha wapi. Swali gani hilo?

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kwa miguu, gitaa mgongoni. Shemeji kafungua mlango, kasema mdogo wake ana kazi, nisubiri nje. Nikakaa kwenye ngazi, chini ya dirisha. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda, tka-tka-tka-tka. Kwa uchovu tu nikalitoa gitaa.

Jamani! Sijawahi kupiga vile. Vidole vilikwenda vyenyewe. Majirani wakatoka. Shemeji, ambaye hajanisifu tangu posa, akaanza kutikisa mguu. Halafu cherehani ikasimama, nami nikakosea papo hapo.

Mke kachungulia, macho mekundu. Kauliza kama sasa nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa. Nikamwomba samahani, na nilimaanisha, kwa sababu nyumba bila yeye haikaliki. Katabasamu kidogo, kafunga cherehani kwenye shuka, na safari hii kaniachia nibebe. Nzito kweli.

Sasa tuko nyumbani. Yeye anashona, mimi naandika. Na kweli nimeelewa. Machungu ninayo, yalichelewa kuiva tu, ndiyo maana yamenitokea Jumapili badala ya Jumamosi. Siku mbili hazikutosha. Mwenye studio anarudi mwezi ujao kutafuta mpiga gitaa wa pili. Nitamwomba mke wangu aniache wiki nzima.

Cherehani tu aiache nyumbani. Nimeshaizoea.