Taa Isiyosema Uongo

Jumatatu, 3 Juni

Taa ya kukuzia: chanzo cha mwanga kilichoundwa na binadamu, kinachotoa mawimbi ambayo jani laweza kuyageuza kuwa chakula, nacho huwekwa mahali pa jua kwa manufaa ya mmea, wala si ya macho ya mtu. Nimeifuta sentensi hii na kuiandika upya mara tatu. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwanga unaompendeza mwenye nyumba si lazima umshibishe aliye kwenye kopo.

Aliye kwenye kopo ni mpilipili. Marehemu mke wangu aliupanda kwenye kopo la rangi, kwa kidole gumba, bila kipimo chochote, akiwa tayari mgonjwa. Mimea yake mingine yote iligawiwa baada ya mazishi. Huu nilibaki nao. Nyumba ninayoishi sasa ni ya chini, upande wa nyuma, na dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa mita moja na sentimita kumi na nane. Jua huingia dakika thelathini na tano kwa siku. Majani yaliyobaki: kumi na tisa. Ijumaa yalikuwa ishirini na sita.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alipita leo. Aliutazama, akaguna. Akasema nimpe aupeleke barazani kwake, huko jua ni la kumwaga. Nikakataa. Basi nenda duka la pale kwenye mzunguko, akasema, kanunue taa, zimening'inia kama vitunguu. Nikamweleza kwamba taa ya dukani ni ya mtu asiyejua kupiga hesabu. Akaniuliza kama hesabu zina majani.

Simjibu mtu wa namna hiyo.

Jumanne, 4 Juni

Kwa fundi wa redio. Nilikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya soko bado inaniita Bwana Gramu, na nusu hiyo si ile iliyonipenda. Fundi aliponiona aliwaambia wateja wake wafiche mawe ya mizani. Kicheko! Nilisubiri kiishe. Nikaomba diodi, vitaa vidogo vya kuundia taa yangu mwenyewe: nyekundu arobaini na nane na za buluu kumi na mbili. Akachota kiganja kutoka kwenye kila bakuli, akamimina kwenye karatasi. Nikahesabu: hamsini na saba. Akasema, mzee, hizi ni taa, si dawa ya mtoto. Akaongeza nne. Sitini na moja. Nikamrudishia moja. Walicheka tena, sijui kwa nini.

Hatua ya kwanza ni kupima kila diodi. Moja moja. Haraka haraka haina baraka.

Majani: kumi na saba.

Alhamisi, 6 Juni

Binti yangu amekuja na taa ya dukani. Hakuuliza. Ameiondoa kalenda, ameitundika taa kwenye msumari wake, ameichomeka. Chumba kizima kikawa zambarau kama jicho lililopigwa ngumi. Nikamwambia bado napima diodi (ishirini na tatu tayari, mbili mbovu). Akasema, Baba, wewe pima tu, huku mwenzako anakula. Alisema kwa upole, na upole wa binti huyu ni wa mama yake: haukuachii mahali pa kubishia.

Taa inafanya kazi. Hiyo ndiyo kasoro yake ya kwanza. Inafanya kazi bila kujieleza.

Jumapili, 9 Juni

Nalazimika kuandika ukweli. Kwa siku tatu hakuna jani lililoanguka. Kwenye tawi la kushoto pana machipukizi mawili, kila moja kama punje ya mchele. Nimeyatazama kwa kioo cha kukuzia. Nikajikuta nimeinama muda mrefu kuliko uchunguzi ulivyohitaji. Marehemu alikuwa akiyaita vijino. Njoo uone, ametoa vijino! Nilikuwa nikimsahihisha.

Jumatatu, 10 Juni

Udanganyifu! Ubavuni mwa taa ya dukani pameandikwa wati arobaini na tano. Nimeipima mara nne, kwa mita mbili tofauti. Ishirini na moja! Chini ya nusu! Kwa miaka thelathini na moja sikuiacha mizani ya uongo sokoni hata saa moja. Muuza nyama mmoja aliwahi kunililia, eti ana foleni ya wateja. Nikamfungia. Sheria haiulizi foleni.

Nimeizima. Nimeitungua. Nimeizungushia waya na kuitia lakiri ya risasi, moja ya zile za kufungia mizani ya uongo nilizobaki nazo tangu kazini, kisha nikaiweka juu ya kabati.

Binti alipiga simu. Nikamweleza. Akauliza chini ya taa hiyo mmea ulikuwa na hali gani. Nikasema umetoa machipukizi mawili. Akasema, sasa je? Nikamwambia hilo ni suala jingine, tunazungumzia maandishi. Akasema, Baba, mpilipili haujui kusoma. Akakata.

Taa yangu itakuwa tayari keshokutwa.

Jumatano, 12 Juni

Haiko tayari. Gundi! Nilizipanga diodi kwenye trei ya kuokea ya marehemu: aluminiamu safi, inapoza joto vizuri, na hakuna tena anayeokea. Kwa dakika kumi na moja iliwaka bila dosari. Dakika ya kumi na mbili gundi ikalainika, diodi zikaanza kudondoka moja moja kama zimeiva. Ya sita ilitua juu ya chipukizi. Nilisikia mlio mdogo, chii.

Kwa fundi wa redio tena, kutafuta gundi inayostahimili joto. Alinusa trei, akauliza leo Bwana Gramu anapima nini, moshi? Kisha akaacha mzaha. Akasema yeye hula kwa kuuza vipande, lakini angekuwa na mmea wa mkewe angenunua taa nzima na kwenda kulala. Nikasema nimekuja kwa gundi tu.

Majani: kumi na moja. Machipukizi: moja.

Ijumaa, 14 Juni

Fremu. Nilihitaji mbao iliyonyooka na kukauka vizuri. Ilikuwepo stoo: kiegemeo cha kitanda, nilichokitengeneza mwenyewe mwaka jana. Hakikuwahi kutumika. Nimekipasua asubuhi.

Shemeji alikuja mchana. Akasimama mlangoni akitazama miguu ya taa yangu. Aliitambua mbao kwa ulaini wake. Nilikuwa nimeipiga msasa kila ukingo ili isimkwaruze mgonjwa. Nikadhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa, akasema polepole, kama anayesoma barua: Shemeji, cha dukani kilikuwa pale dirishani. Nilikuonyesha kwa kidole. Ukasema kimeandikwa kinainuka nyuzi arobaini na tano, na ukikipima ni arobaini na moja. Dada akalala wiki tatu kwenye mito ya kuazima, anateleza, tunamvuta, anateleza. Chako kikaisha siku ya pili baada ya kumzika.

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, isipokuwa pana kosa moja. Ilikuwa siku ya kwanza. Asubuhi.

Nikasema haraka haraka haina baraka. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyeumia si wewe. Akaomba maji. Nikampa. Akayanywa yote, akasimama, akalishika kopo la mpilipili aondoke nalo. Nikalishika upande wa pili. Tulisimama hivyo, wazee wawili na kopo la rangi. Aliyeachia ni yeye.

Majani: manne. Chipukizi lililobaki limekuwa jeusi.

Jumatatu, 17 Juni

Ushindi! Imewaka saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa sita nzima bila diodi kudondoka! Nimeandika maandishi yake kwa wino: wati thelathini na tatu nukta mbili. Nikapima. Thelathini na tatu nukta mbili! Katika taa zote za mji huu hakuna inayosema kweli kama hii. Nilitamani mtu awepo aone. Nikampigia fundi wa redio. Akasema hongera, Bwana Gramu, na mpilipili wenyewe unasemaje?

Majani: sifuri. La mwisho lilianguka nilipokuwa nasubiri wino ukauke. Nimekwaruza shina kwa ukucha, kama marehemu alivyokuwa akifanya alipotafuta kijani chini ya ganda. Juu, kahawia. Katikati, kahawia. Nimekwaruza mpaka kwenye udongo.

Taa nimeiacha ikiwaka. Sina sababu ya kitaalamu.

Alhamisi, 20 Juni

Shemeji amekuja. Binti alimwambia kwamba nashinda nimekaa mbele ya kijiti kikavu. Alibeba vikopo viwili vya mtindi, na katika kila kimoja mche wenye majani mawili. Kumbe mwaka jana dada yake alimpa pilipili moja iliyokauka, ya mpilipili uleule. Aliihifadhi kwenye leso. Mwezi uliopita akazipanda mbegu zake. Zilizoota ni mbili tu. Zote mbili ameniletea. Hakusema neno juu ya kijiti. Alisema tu, hawa ni wajukuu wa mkono wake, Shemeji, waweke kwenye mwanga leo. Leo hii, unanisikia?

Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nilipomwoa dada yake.

Binti akafika baadaye kidogo. Akasema, Baba, ile ya dukani si iko juu ya kabati, kata huo waya. Nikamweleza kwamba lakiri haikatwi kabla shauri halijasikilizwa. Basi washa yako, akasema. Hapo ikanibidi nitoe maelezo: taa yangu imekokotolewa kwa mmea mzima wenye kimo cha sentimita arobaini. Kwa mche wa majani mawili mwanga huo ni mkali mno, na uwiano wa nyekundu na buluu nao lazima ubadilike. Taa isiyolingana na kazi yake nayo inasema uongo. Walitazamana, mama mdogo na binti wa dada yake, nami nikaona kwamba hoja haikuwafikia.

Walipoondoka niliifungua taa yangu. Diodi zote ziko mezani, kwa safu, tayari kupimwa upya. Vikopo nimeviweka dirishani, mkabala na ukuta.

Safari hii hesabu imekaa sawa: siku kumi na mbili, zikizidi sana kumi na tatu. Imebaki takwimu moja tu, nami nimeipekua katika vitabu vyangu vyote bila kuipata. Mche wa majani mawili hustahimili kivuli siku ngapi?