Habari za Mtisunge Zipitie kwa Mjomba Wake

Lizulu, Ntcheu

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Salamu nyingi. Anayekuandikia si mtu wa kuulizwa ni nani. Lori la viazi haliondoki soko la Lizulu mpaka mimi nikohoe, na mwaka wa mafuriko nilibeba daraja begani, nikalirudisha maji yalipopungua. Zaidi ya hayo, mimi ndiye nkhoswe, msimamizi wa dada zangu. Kwetu mtoto ana baba, lakini neno lake liko kwa mjomba. Hanyolewi, haolewi, hazikwi bila mimi.

Mdogo wangu wa mwisho, Zione, alijifungulia kwako mtoto njiti, Mtisunge, mdogo hata nikadhani sehemu nyingine mtaileta baadaye. Siwanyimi sifa: mashine zenu zilimpumulia mpaka akajua kupumua. Lakini siku ya kutoka mkatupa kikaratasi, kwaherini. Ndiko kumvusha mtu mto kwa mtumbwi, halafu kumshusha kwenye matete ya mamba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nesi Mwandida aliuliza nani apigiwe simu. Zione akafungua mdomo, nikamuwahi na namba yangu. Nesi akaiandika, lakini maneno akampa Zione: "Mama, tarehe ya macho usiikose. Ikikupita, mtoto anaweza asikuone maisha yake yote." Neno zito hivyo anaambiwa mama, na mimi nimesimama pale na koti?

2. Mzani uko jengo hili, masikio jengo lile, macho ng'ambo ya barabara, na hakuna anayemjua mwenzake. Wa mzani wanasema nendeni kwa macho. Wa macho wanataka barua ya wodi. Wodini wanasema faili lilifuata mzani. Viazi vyangu havina mama, lakini vikifika Blantyre kuna mtu anajua vimetoka wapi na vinakwenda kwa nani.

3. Nilivuliwa shati. Zione alishikwa na malaria, mtoto akatakiwa alale ngozi kwa ngozi, na Nesi Mwandida hakuona mwingine. "Njoo, mjomba, hicho kitambi kina joto la bure." Wodi nzima ikacheka. Nilikaa mpaka jioni kama kuku wa yai moja. Iandikwe kwamba mtoto alilala.

4. Hili ndilo kubwa. Ujumbe wa tarehe ya macho mliuleta kwenye simu yangu, kama inavyostahili. Mlipoona kimya, Nesi akampigia mke wa mchungaji, jirani yetu, kwa namba ambayo Zione aliipenyeza nikiwa sitazami. Zione akapanda baiskeli ya abiria, mtoto kifuani, bila ruhusa yangu. Nikarudi kutoka sokoni nikakuta mafiga yamepoa. Daktari akakuta mishipa ya macho imeanza kwenda ovyo, akaitibu siku hiyohiyo. Zione aliporudi nikamuuliza nani kamruhusu. Akasema, "Kaka, ujumbe ulikuwa nao tangu Jumatatu." Ndiyo, nilikuwa nao. Nilikuwa nautafakari. Jambo la ukoo halikurupukiwi.

Kwa hiyo naomba kila mtoto anayetoka kwenye mashine zenu awe na mtu mmoja anayejua macho yake, masikio yake na uzito wake, na anayemfuata mpaka mlangoni kwao. Mtu huyo niwe mimi, kuanzia Dedza hadi Balaka. Nipewe kofia, muhuri na ofisi yenye mlango. Ujumbe wote wa watoto njiti uje kwenye simu yangu. Wizara ikipenda, nitachukua na wajawazito.

Wasalimie wa mzani, wa masikio, mlinzi wa geti aliyenizuia na mahindi yangu ya kuchoma, na hata Nesi Mwandida. Mtisunge hajambo. Jana alizifuata ndevu zangu kwa macho, kulia na kushoto.

Ni mimi, niliye juu ya jambo hili,
Wyson Kapalamula

N.B. Mnataka mtoto arudi Alhamisi kuangaliwa tena. Ujumbe wa Alhamisi mpelekeeni Zione. Ule wa kwanza niliusogeza mbali na uso mpaka mkono ukaisha, herufi zikabaki sisimizi, nami Zione nilishamwambia nimeusoma. Barua hii nasema mimi, anaandika yeye, kwa hiyo na yeye ndiyo kwanza anasikia sasa. Ameweka kalamu chini. Ameichukua tena. Huyo daktari wa macho, je, huwa anatazama na watu wazima? Alhamisi nitakuwepo. Mtoto nitambeba mimi.