Samaki wa Msituni Katika Kipande cha Gereji

Wewe uliyeokota kurasa hizi, nakusihi: usimwambie mtu hata neno moja, hasa yule Miwani wa ofisini. Kibarua changu kitaota nyasi.

Jumatatu, 4 Machi
Mama Mkuu, bosi wetu wa ofisi ya mito, ametangaza: Ijumaa tunavua samaki wa kijito chote, tunawatambua, tunawarudisha majini. Kila karani na kipande chake cha kijito. Ambaye kipande chake kimepata nafuu, yaani samaki wameongezeka, ajira ya kudumu. Miwani, karani mwenzangu, ana kipande cha msituni: kivuli, maji baridi, mawe safi, samaki wa kila rangi. Mimi niko chini ya mashamba na gereji. Tope limefunika mawe ambako samaki wangetagia. Kabaki kambare, ambaye angeishi hata kwenye beseni la kufulia. Miwani akaniuliza kama nimeshampa jina. Nikacheka kwa adabu.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata akili. Samaki hawaji? Watabebwa. Ofisi nzima hakuna mwingine ambaye angeliwaza hili.

Alhamisi, 7 Machi
Alfajiri, msituni, na ndoo ya bluu ya shangazi. Wale wadogo wenye mstari mwekundu: nimewakomba wote. Nimewamwaga kwangu kwa upole, nikawatakia maisha mema. Shangazi akauliza ndoo yake inanuka nini. Nikasema maendeleo. Akaniambia basi niyaoshe kwa sabuni.

Ijumaa, 8 Machi
Wavu wa Miwani umetoka na majani matupu. Amenywea. Nikampa pole, moyoni vigelegele. Kwangu: kambare mmoja, kitambi mbele kama mwenye nyumba siku ya kodi. Basi. Nikamtia kwenye beseni ili atambuliwe, akatapika humo humo. Mkia wenye mstari mwekundu. Halafu wa pili.

Mama Mkuu akauliza, taratibu, samaki wa kivulini amefikaje tumboni mwa kambare wa gereji. Nikasema kambare hutembea nchi kavu, mama, hilo lajulikana. Pengine alikwenda msituni kula, akarudi kulala. Akauliza kama alikwenda na ndoo ya bluu. Kumbe mlinzi wa msitu ana macho.

Sikufukuzwa. Ila ajira isubiri: nipande miti ukingoni pamoja na wakulima, mpaka samaki waje wenyewe. Miwani akasema nitazeeka na kibarua.

Jumapili, 10 Machi
Na aseme. Nani mwingine kakabidhiwa ukingo mzima? Nimepanda miche safu nzima, imenyooka kama gwaride. Kasoro moja: inanifika kifundo cha mguu. Kivuli chake hakimtoshi chura.

Lakini nimefikiri. Kule kwa Miwani kuna miti iliyokwisha kukua.

Mwenye sururu, mkokoteni na mdomo mzito anipate mlango wa nyuma wa stoo ya ofisi, saa ya chai. Akohoe tu. Asiulize karani, aulize mtu wa bustani. Akimwona mlinzi, apite zake, arudi mvua ikinyesha.